Swali umelificha kwenye aya ya tatu

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa sheria, mkazi wa Dodoma.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mama. Mimi ni ofisa sheria katika halmashauri moja ya Kanda ya Kati, nina miaka 36 na watoto wawili. Uzamili wa sheria nilimaliza miaka minne iliyopita, nikisoma jioni baada ya kazi. Sasa nataka uzamivu. Mada yangu ni "Uchambuzi wa Kina wa Mfumo wa Sheria za Ardhi Tanzania". Nimeituma kwa maprofesa watano, na huu ni mwezi wa nne hakuna aliyejibu, hata wa kunikatalia.

Ofisini wamegawanyika. Mmoja anasema uzamivu wa sheria ni wa watu wa kufundisha, mwanasheria wa kawaida anahitaji kesi tu. Mwingine ananishauri niache kazi nisome muda wote, nimalize upesi.

Samahani kama nakuchosha, akili yangu haijatulia. Baba yetu alifariki mwaka jana, na baba zangu wadogo wanamdai mama shamba la uwele na karanga, ekari tatu, huko Mvumi. Wanasema ni la ukoo. Mama alikwenda Baraza la Kata akaambiwa siku hizi hawahukumu, wanasuluhisha tu. Akaenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi, karani akamwambia habari za shamba azipeleke Baraza la Ardhi. Karatasi zake ziko chini ya godoro.

Je, niendelee na uzamivu au niachane nao?

Msomaji, Dodoma (jina limehifadhiwa)

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na mfikishie mama pole yangu.

Barua yako nimeisoma barazani kwangu, huku nimeikandamiza na kikombe cha chai upepo wetu huu usiondoke nayo. Nilipofika kwenye mada yako ya uzamivu nilipiga mwayo. Usinune. Nilipofika aya ya tatu nikaweka kikombe chini, na karatasi ikaruka kweli, nikaifuata hadi kwenye mchongoma.

Hiyo mada ya kwanza ni rafu nzima ya maktaba. Ndani yake kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, kuna sheria ya mwaka 2002 ya mahakama za ardhi, kuna mipango miji, utwaaji, fidia, usajili wa hati. Profesa akiona "uchambuzi wa kina wa mfumo" anajua kwamba mwandishi hajaamua anatafuta nini, na profesa mwenye wanafunzi kumi na wawili hana muda wa kukusaidia kuamua. Ndiyo maana wamenyamaza. Tena nina hakika uliwatumia wote watano barua ileile, umebadilisha jina tu pale juu. Sisi walimu tunaijua barua ya namna hiyo kama mpishi anavyoujua wali wa jana.

Sasa tazama ulichokiandika halafu ukakiombea samahani. Mjane amegonga mlango wa kata, akaelekezwa mlango wa mahakama, akarudishwa mlango wa ardhi. Mwanangu, hiyo ndiyo tasnifu yako. Swali lako umelificha kwenye aya ya tatu, ukaona aibu nalo kwa sababu ni la nyumbani.

Ngoja nikufafanulie kwa nini naliona zito. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata lilikuwa na meno, likiamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka ule yakayang'oa. Sasa kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Usuluhishi ukishindikana linatoa cheti, na mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila cheti. Chini ya kata kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, la watu saba, watatu wao wanawake, nalo tangu lianze ni la usuluhishi tu. Kwa hiyo mama wa kijijini anasuluhishwa mara mbili kabla hajamwona mtu mwenye mamlaka ya kusema hili ni lako au si lako. Kusuluhishwa kuna raha yake pale wawili mnapolingana nguvu. Mjane akikaa mbele ya wazee waliocheza na shemeji zake utotoni, kile kinachoitwa suluhu ni nini hasa? Je, anapewa ekari moja ili anyamaze? Je, anaondoka na cheti? Je, harudi tena? Hayo huwezi kuyapata kwenye vitabu. Yako kwenye madaftari ya makatibu wa mabaraza, na kwenye vichwa vya watu.

Halafu kuna ule mlango wa pili. Mirathi ya kimila ni ya Mahakama ya Mwanzo, mgogoro wa ardhi ni wa mabaraza ya ardhi. Kwenye karatasi imekaa vizuri kabisa. Lakini mali ya marehemu wa Mvumi ni nini kama si shamba? Mirathi yake ni ardhi, na ardhi yake ni mirathi. Hukumu za Mahakama Kuu zinazohangaika na mpaka huo ziko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, na utazikuta nyingi kuliko unavyodhani. Anza na hizo usiku, watoto wakilala.

Na nyuma ya milango yote miwili kuna mila. Zile amri za mwaka 1963 zilizotangaza sheria za kimila zina kanuni isemayo kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili waliipinga kanuni hiyo mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kuna ubaguzi, lakini haikuifuta. Shauri likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imeuvunja mkataba. Hapo uwe makini: amri zile zilitangazwa halmashauri kwa halmashauri, kwa hiyo kabla hujaandika kwamba zinamfunga Mgogo wa Chamwino, katafute tangazo lenyewe uone kama halmashauri hiyo imo. Nimeona tasnifu ikiraruliwa na mtahini wa nje kwa kosa la namna hiyo, mwandishi akitetea sura nzima iliyosimama juu ya sheria isiyohusu wilaya yake.

Nami nisijifanye malaika. Nilijiandikisha uzamivu mwaka 1997, nikiwa na miaka 39. Nilitafiti mahame ya Bahi, wakati huo bado ni Dodoma Vijijini. Watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye operesheni ya mwaka 1971 walikuwa wanarudi kuulizia mashamba ya babu zao, wakikuta wengine wanalima. Bunge lilikuwa limejaribu kuzifuta haki zao za kimila kwa sheria ya mwaka 1992, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ikasema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Nikaona nimepata dhahabu. Nikaandika sura mbili zilizoegemea sheria ya ardhi ya Mwingereza ya mwaka 1923, kurasa tisini na ushee. Msimamizi wangu alinionya: sera mpya ya ardhi ilishatoka mwaka 1995, Tume ya Profesa Shivji kuhusu masuala ya ardhi ilishatoa ripoti yake, sheria mpya inakuja. Mimi nikasema Bunge letu halina haraka. Mwaka 1999 sheria mbili zikapita, na tarehe 1 Mei 2001 zikaanza kutumika. Kurasa zangu tisini zikawa mahame nazo.

Nilimaliza 2004. Miaka saba. Sura zile sikuzitupa, nilizigeuza zikawa historia ya kwa nini sheria ile ilikufa, na ndizo mtahini alizozipenda kuliko nyingine zote, jambo ambalo mpaka leo linanikera kidogo. Nakusimulia ili ukiandika kuhusu mabaraza ujue kwamba yanaweza kubadilishwa tena ukiwa katikati. Uliza swali linaloweza kuishi hata sheria ikibadilika. "Mjane anatendewaje anaposuluhishwa" litaishi. "Kifungu cha 13 kina mapungufu gani" linaweza kufa kwa muswada mmoja wa Alhamisi mchana. Na siku hizi kuna toleo la sheria la 2002, la 2019 na la 2023, andika umetumia lipi tangu ukurasa wa kwanza, la sivyo utahangaika na namba mpaka unywele uote mvi.

Kuhusu uwandani. Utahitaji barua ya chuo, uipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye akupe ya Wilaya, Wilaya ikupe ya Mtendaji wa Kata, naye akupeleke kijijini. Tenga mwezi mzima, na piga nakala nyingi, kila meza inabaki na yake. Halafu ukifika usifike kama mimi. Nilishuka Bahi na ubao wa kuandikia, kalamu tatu na kofia, watu wakadhani nimetumwa na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kuja kupima ardhi. Siku nne sikupata mtu wa kuzungumza naye. Kila niliyemtafuta alikuwa "amekwenda kwenye mbuga". Siku ya tano nikauacha ubao kwa mwenyeji wangu, nikakaa na wanawake waliokuwa wanabangua karanga, nikabangua nao. Vidole vilivimba. Jioni yake nilijua mipaka ya mashamba sita na nani kaihamisha.

Lakini kesi ya mama yako usiitafiti. Chagua kata nyingine, hata wilaya nyingine, Kongwa au Mpwapwa. Wewe ni mtoto wake na tena ni ofisa sheria wa serikali za mitaa, mzee wa baraza hatakuambia ukweli na wewe mwenyewe hutausikia. Usimfanye mama yako kuwa jedwali. Mwandike kwenye shukrani, inatosha.

Na kwa kuwa yeye hawezi kusubiri tasnifu: arudi Mahakama ya Mwanzo, safari hii aombe jambo moja tu, kuteuliwa msimamizi wa mirathi, yeye au mmoja wenu. Asianze na habari ya shamba pale dirishani. Barua ya uteuzi ikiwa mkononi ndipo mwenye mamlaka ya kuidai mali ya marehemu atakuwepo, na baraza la wilaya litajua linazungumza na nani. Kama shamba walilifungua pamoja na baba, atafute mashahidi sasa, wazee hawadumu. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, wewe unawajua kwa kazi yako, mtafutie mmoja asiye rafiki yako. Na karatasi zitoke chini ya godoro, mchwa wa Mvumi hawachagui.

Kazi usiache. Anayekwambia uache hajawahi kulipa ada. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa utaratibu, na kama haitoki, soma kwa muda usio kamili. Kwenye karatasi, anayesoma muda wote humaliza kwa miaka mitatu au minne. Wengi niliowasimamia walichukua mitano, sita. Mtu mwenye kazi na watoto wawili ajipangie sita, akimaliza mitano afanye sherehe.

Yule mwenzako mwingine, wa "uzamivu ni wa kufundisha", ana nusu ya haki. Kwa uwakili hauongezi hata nukta moja. Kuwa wakili kunapitia Shule ya Sheria, na uzamivu hauchukui nafasi yake. Na kama una ndoto ya kufundisha, kabla ya yote toa cheti chako cha shahada ya kwanza ukitazame. Matangazo ya kazi za vyuo vyetu yamezoea kutaka wastani wa 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Nimemwona mtu mwenye uzamivu mzuri, msomi kweli, akikataliwa kwa sababu ya 3.4 ya ujana wake. Mimi naona ni ujinga, lakini maoni yangu hayabadilishi tangazo.

Msimamizi sasa. Sahau wale watano. Tafuta mmoja ambaye ameandika kuhusu mabaraza, mirathi au ardhi ya wanawake, usome angalau makala zake mbili, kisha uandike ukurasa mmoja. Mmoja. Swali, kwa nini halijajibiwa, utalijibu wapi na kwa njia gani. Asipojibu wiki tatu, mwandikie tena, kisha nenda ofisini kwake, iwe chuo kikuu cha hapa Chimwaga au cha Mlimani Dar es Salaam, treni siku hizi inakufikisha asubuhi na kukurudisha jioni. Usiende mikono mitupu. Sisemi zawadi, hiyo ni rushwa hata ikiwa zabibu za Hombolo. Nasema ukurasa wako uliopigwa chapa. Mzee wa watu akiushika mkononi ataona haya kuuweka chini bila kuusoma.

Na hii akili mnemba mnayoipenda: itakutungia kesi yenye namba, mwaka na jina la jaji, na kesi haipo. Hukumu usiyoifungua kwa macho yako usiitaje.

BARUA YA PILI

Dada, salaam kutoka Manyoni. Mke wangu yuko mwaka wa tano wa uzamivu wa sheria. Tulipoanza aliniambia mitatu. Nimekuwa mpishi, nimekuwa dereva, wanangu wananiita mama kwa utani. Nikimuuliza amefika wapi, ananuna. Je, mke wangu anasoma kweli?

Mume mvumilivu

JIBU

Kaka yangu wa Manyoni, anasoma. Asiyesoma hanuni, ana majibu mazuri tayari.

Hebu sikiliza jinsi miaka inavyoliwa. Pendekezo la utafiti linaandikwa, linatetewa mbele ya jopo, linarudishwa kurekebishwa: mwaka. Vibali na uwandani: mwaka. Sura inakwenda kwa msimamizi, msimamizi yuko safarini, inarudi na wino mwekundu baada ya miezi mitatu, na wino ule unasema sura ya pili na ya nne zibadilishane nafasi. Vyuo vingi vinataka pia makala itoke kwenye jarida kabla ya kuhitimu, na jarida la maana halikimbii. (Yako majarida yanayochapisha kwa wiki moja ukilipa dola. Akikuomba fedha ya namna hiyo, mnyime.) Akishawasilisha, watahini nao wana maisha yao.

"Umefika wapi" ni swali baya kwa sababu jibu lake ni aibu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala, hakujua sheria hata moja, na alikuwa na swali moja tu kila Jumapili: "Wiki hii unaandika nini?" Nilijikuta ninaandika Jumamosi usiku ili nisikose jibu. Wewe kazi yako ni kuuliza jambo moja la tarehe: usajili wake unaisha lini, na kama ameshaomba kuongezewa muda. Hilo likipita wakati ndilo linaloua, na mwanafunzi aliyechoka hulisahau.

Kuhusu kuitwa mama, hongera. Siku atakayovaa joho, jiandae na jambo jingine. Wiki moja baada ya mahafali yangu, bibi mmoja wa jirani alisikia nimekuwa dokta, akaja asubuhi na magoti yake mawili. Nilimkanda kwa maji ya moto.

BARUA YA TATU

Mama, sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Kwa nini basi tasnifu ya sheria niiandike kwa Kiingereza? Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Mwanafunzi, Singida

JIBU

Uliza kwa maandishi ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu ya chuo chako, na udai jibu la maandishi, kabla hujaandika sentensi hata moja. Wenzetu wa idara za Kiswahili wanaandika na kutetea tasnifu zao kwa Kiswahili miaka mingi sasa, kwa hiyo haliwezi kuwa suala la lugha kushindwa. Kwa upande wa sheria tatizo utakalolikuta ni msimamizi na mtahini wa nje, pamoja na kwamba hukumu nyingi utakazozinukuu zimeandikwa kwa Kiingereza.

Wakikukatalia, usiache mahojiano yako yakafa kwa tafsiri. Mimi nilitafsiri moja kwa moja nikiwa Bahi, nikiandika Kiingereza wakati mzee anazungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo. Mzee alitumia neno "kutunza" kwa shamba la marehemu kaka yake, nikaandika neno la Kiingereza lenye maana ya kumiliki. Miezi minane baadaye nilirudi kumsomea, kwa Kiswahili, nilichokiandika. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza nani huyo aliyesema shamba ni lake, nikamwite. Sura ile niliiandika upya. Andika maneno kama yalivyosemwa, upande wa kushoto wa daftari, na tafsiri yako uiweke upande wa kulia kwa penseli.